Stelingi Hafi: kisa cha banda moja la video Mshomoroni

Banda lenyewe liko Mshomoroni, nyuma ya kinyozi, ubavuni mwa mama anayeuza viazi karai. Kuta ni mabati, benchi ni mbao za mnazi, na picha huonekana kwenye televisheni kubwa iliyonunuliwa mkono wa pili. Kiingilio ni shilingi 30. Mtoto mdogo akija na kakake hupita bure, mradi akae chini kwenye jamvi. Mwenye banda watoto wa mtaa humwita Ami, nami nitamwita hivyo hivyo hapa, japo kanizidi miaka mitano tu.

Kisa ni cha Agosti 2025, shule zimefungwa. Jumamosi ya kwanza Ami alionyesha Jurassic World Rebirth, picha ya saba ya dinosaria tunaowajua tangu 1993, na watu wakajaa hadi mlangoni. Nilihesabu kama sitini. Jumamosi ya pili akaonyesha picha mpya kabisa, iliyopigwa Likoni na vijana wanne wa Likoni, kwa Kiswahili kinachosemwa Likoni. Wakaja watu 14. Sita kati yao walikuwa jamaa za walioitengeneza.

Vijana wale na Ami niliwakutanisha mimi, kwa hiyo siwezi kuandika kama mpita njia. Nilimwambia Ami watu wamechoshwa na marudio. Ushahidi wangu ulikuwa malalamiko ya maskani: kila jioni, kwenye kahawa, utasikia mtu akisema kwamba siku hizi picha ni zile zile, wamebadilisha namba tu. Niliyachukua maneno hayo kama ahadi ya kiingilio. Anayelalamika kwamba pilau ya harusi zote ina ladha moja hukosi kumwona harusi ijayo, kakaa mbele.

Vijana wale kwanza. Picha yao ni ya dakika 70 hivi. Kijana mpiga mbizi anaombwa kutoa mkoba uliotumbukia majini feri ikiwa katikati ya kivuko. Anayemwomba anasema mkoba ni wake. Anatokea wa pili, naye ni wake. Wa tatu hadai chochote, anaweka pesa mezani. Hadithi nzuri, na sijaiona mahali pengine. Wameipiga kwa kamera ya kuazima na kwa simu, mwezi wa Julai, na hapo ndipo palipokuwa na kosa lao kubwa: kusi ilikuwa inavuma, na upepo umeingia kwenye maiki katika karibu kila mazungumzo ya nje. Kuna mahali mama wa mpiga mbizi anasema neno zito kuliko yote kwenye picha nzima, nawe unasikia upepo tu. Mwongozaji, binti wa miaka ishirini na kitu, aliijua aibu hiyo kabla hatujamwambia.

Sasa kuhusu msimu. Wanaouza picha hizi kubwa za Marekani huziita za kiangazi, na kwao ni kiangazi kweli: kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti, watoto hawako shule, jua linachelewa kuzama. Huku kwetu miezi hiyo bahari imechafuka, vyombo vidogo vingi vimevutwa pwani, na watu wa Mombasa tunavaa sweta kwa baridi ya nyuzi 24 huku wageni wakitucheka. Hata hivyo tunazipokea kwa kalenda yao, kama vile kusi haipo.

Msimu huo una siku ya kuzaliwa inayojulikana. Tarehe 20 Juni 1975 picha ya Steven Spielberg iitwayo Jaws, ya papa anayekula watu, ilifunguliwa Marekani katika majumba zaidi ya 400 kwa siku moja, baada ya matangazo mfululizo kwenye televisheni. Kabla yake picha nyingi zenye heshima zilianza katika miji michache, zikaenea polepole kwa kusifiwa. Jaws ilibadilisha mpango: mtu aambiwe na televisheni usiku, na kesho yake picha iwe karibu na nyumbani kwake. Miaka miwili baadaye, Mei 1977, Star Wars ilianza katika majumba 32 tu, na watu wakapanga foleni wenyewe. Ilikuwa hadithi isiyotoka kwenye kitabu chochote, na haikuwa na namba nyuma ya jina lake.

Naikumbusha kwa sababu watu huzungumza kana kwamba picha kubwa na picha mpya ni maadui tangu zamani. Sivyo. Mwaka huohuo wa 1975, tarehe 15 Agosti, Wahindi walitoa Sholay, na mzee yeyote wa Mombasa aliyewahi kukaa gizani kwenye sinema za Kihindi atakuigizia kicheko cha Gabbar Singh, jambazi wa picha hiyo, bila kuombwa. Sholay iliazima kwa picha za mapanga za Japani na za ng'ombe na bastola za Marekani, ikakanda, ikatoka na unga wake. Hakuna aliyedai kiingilio chake kirudishwe.

Miaka ya karibuni mizani imelala upande mmoja. Chukua orodha ya picha kumi zilizoingiza pesa nyingi zaidi duniani mwaka 2024: juu kabisa Inside Out 2, halafu Deadpool & Wolverine, halafu Moana 2. Teremka hadi ya kumi. Hakuna hata moja iliyo hadithi mpya. Zote ni mwendelezo, au zimetolewa kwenye kitu kilichokwishapendwa.

Turudi bandani. Jumapili ile baada ya watu 14, tulikaa kwenye benchi nje, kila mmoja na sababu zake.

Ami alisema, "Mwalimu, watu wanataka stelingi wanayemjua. Huyu mpiga mbizi nani anamjua?"

Binti alisema watu wetu wamezoea vya nje, cha nyumbani hawakithamini. Alisema kwa uchungu, nami nilikaribia kumwunga mkono, hadi nilipomtazama mama wa viazi karai. Mama huyu, na nusu ya wateja wake, walifuatilia tamthilia ya Sultana kwenye Citizen TV usiku baada ya usiku. Hiyo ilikuwa hadithi ya Pwani, kwa Kiswahili cha Pwani, na waliomo walikuwa wanavaa leso kama zao. Basi cha nyumbani kinapendwa. Tofauti ni kwamba Sultana iliingia sebuleni bila kudai shilingi 30, na ikakupa siku tatu nne za kuizoea kabla hujaamua kama ni yako.

Wa tatu kusema alikuwa DJ. Huyu ndiye kijana anayeshika maiki bandani, kwa mtindo alioueneza DJ Afro nchi nzima: picha ya Kiingereza au Kichina inaendelea, na sauti juu yake inasimulia kwa Kiswahili, inachanganya mambo, inazua. DJ alisema neno moja tu. "Mimi hamkunipa maiki."

Tulicheka. Picha ni ya Kiswahili, itafsiriwe nini?

Lakini nilipolala nikaanza kuifikiria ile Jumamosi ya dinosaria. Sitini wale walikuwa wameona nini hasa? Kwenye televisheni palikuwa na picha iliyogharimu kama dola milioni 180. Masikioni palikuwa na kitu kingine kabisa. Dinosaria mkubwa alipotokea msituni DJ alimtangaza kuwa ni mwenye nyumba, tarehe tano ya mwezi, na wale wanaojibanza nyuma ya jiwe ni wapangaji. Banda zima lilinyamaza kimya, kisha mtu wa nyuma akasema, "Mwambie sipo!" Sijawahi kusikia kicheko kama kile kwenye jumba la sinema la kiti cha mto. Kesho yake mtaani watu walikuwa wanarudia maneno ya mwenye nyumba. La dinosaria hakuna aliyelitaja.

Yaani Ami amekuwa akiuza hadithi mpya miaka yote hii, na kwa faida. Ameifunga ndani ya karatasi inayojulikana.

Hapo ndipo nilipobadili swali. Tulikuwa tunauliza kama watu wanapenda kipya au cha zamani, na jibu lilikuwa mbele yetu kwamba wanapenda vyote. Mtu mwenye shilingi 30 na Jumamosi moja ananunua kutojuta. Namba nyuma ya jina la picha inamwambia: hutajuta sana. Sauti ya DJ inamwambia: hata picha ikiwa mbovu, mimi nipo. Picha ya vijana wa Likoni haikuwa na mdhamini. Kwenye ubao wa Ami iliandikwa kwa chaki PICHA YA LIKONI. MPYA. Basi. Klipu waliyoiweka TikTok ilikuwa na machweo na muziki mzuri, na hata mimi niliyekwisha kuiona picha nzima nisingejua inahusu nini.

Ukiitazama Hollywood kwa jicho hili mambo kadhaa yanaeleweka. Mwaka huohuo wa 2025, mwezi wa Aprili, mwongozaji Ryan Coogler alitoa Sinners, hadithi aliyoitunga mwenyewe: ndugu pacha, Mississippi ya 1932, muziki wa bluzi, na wanyonya damu. Wikendi ya kwanza Marekani iliingiza dola milioni 48 hivi. Ya pili ilishuka kwa asilimia kama tano tu, wakati picha kubwa kwa kawaida hupoteza nusu au zaidi. Watu waliotoka waliwatuma wengine. Lakini tusisahau wale wa wikendi ya kwanza waliingia kwa dhamana gani: Coogler ndiye wa Black Panther, na Michael B. Jordan anacheza pacha wote wawili. Hadithi ilikuwa mpya, ila mdhamini alikuwa wa zamani.

Elio ya Pixar, kampuni ya Marekani ya picha za katuni, nayo ilikuwa hadithi mpya. Ilifunguliwa tarehe 20 Juni 2025, miaka 50 kamili tangu Jaws, sijui kama aliyepanga aliliona hilo. Iliingiza takriban dola milioni 21 Marekani wikendi ya kwanza, ufunguzi wa chini kuliko picha zote za Pixar. Zamani jina la Pixar peke yake lilikuwa dhamana. Ila wakati wa janga la korona kampuni ilizipeleka Soul, Luca na Turning Red moja kwa moja kwenye mtandao wake wa nyumbani, na mzazi akajifunza kwamba kitu kipya cha Pixar ni cha kusubiriwa kwenye kochi. Aliyefundishwa hivyo mara tatu humlaumu vipi akisubiri mara ya nne?

Kwa hiyo nikamwomba binti amwachie DJ maiki. Hili halikuwa jambo dogo. "Mwalimu, nimeandika mazungumzo yale miezi minane," aliniambia. "Aje mtu ayafunike na mzaha wa mwenye nyumba?" Alikuwa na haki. Wakakubaliana hivi: DJ atasema kabla ya picha kuanza, na pale tu ambapo upepo umeyameza maneno, wahusika wakisikika, anyamaze. Hiyo ya pili ilikuwa fikra ya DJ mwenyewe, na ndiyo iliyomlainisha binti.

Jumamosi ya nne, baada ya alasiri, DJ alitoa spika nje, akaiweka karibu na karai la viazi. Nakumbuka alivyoanza: "Mkoba umezama Likoni, feri katikati. Mwenyewe anasema una nguo. Anakuja wa pili, wangu huo. Wa tatu hasemi kitu, anaweka elfu hamsini mezani. Nyinyi mngezama?" Akazima spika, akaenda kunywa chai. Mama wa viazi akabaki na kazi ya kujibu maswali, naye akajibu yote bila kujua lolote.

Wakaja 41. Kati yao vijana wa mikokoteni wanaovuka Likoni kila alfajiri, ambao sikuwahi kuwaona bandani. Pale mama wa mpiga mbizi anapomezwa na upepo, DJ alinong'ona maneno yake kwa sauti ya chini kama anayesoma barua, na binti, aliyekuwa amekaa nyuma karibu yangu, alishika mdomo. Jumapili Ami aliirudia bila kutangaza. Wakaja 44. Dinosaria siku ya pili huwa wanabaki nusu.

Inanyima raha kidogo sehemu inayofuata, lakini bila yake kisa hakijakamilika.

Piga hesabu. Watu 41 kwa shilingi 30 ni 1,230. Ami na vijana waligawana nusu kwa nusu, kila upande 615. Dinosaria walimwingizia 1,800, na picha aliipata kwa kujaziwa kwenye flashi, shilingi 50. Maana yake picha iliyogharimu mamilioni ya dola ilimgharimu Ami kidogo kuliko picha ya kamera ya kuazima. Kisheria mambo hayako hivyo: hakimiliki ipo, na Bodi ya Uainishaji Filamu Kenya inataka kila picha inayoonyeshwa iwe imeainishwa na kila mwonyeshaji awe na leseni. Waliofuata utaratibu huo kwa ukamilifu katika kisa hiki ni vijana wa Likoni, na ndio waliolipa gharama zake. Wizi wa picha za nje huwa tunausimulia kama dhambi dhidi ya matajiri wa mbali. Aliyeumia pale Mshomoroni alikuwa binti aliyekaa benchi la nyuma, kwa kuwa kitu chake alichokigharimia kimepangwa rafu moja na kitu cha bure.

Sina ujasiri wa kumlaumu Ami. Stima huwa inapotea saa mbili usiku na watu wanadai pesa zao. Nauli ya tuktuk ya kurudisha benchi za kukodi anailipa yeye. Na tiketi moja kwenye jumba la sinema la kisasa kule Nyali ni mamia ya shilingi. Wateja wake hawaendi huko. Nilichomweleza, na akanisikiliza nusu, ni kwamba anapoonyesha dinosaria anashindana na mabanda yote ya Kisauni yenye flashi ileile, ilhali picha ya mkoba ilikuwa kwake peke yake. Wale vijana wa mikokoteni walitembea kupita mabanda mengine mawili kuja kwake.

Na kuna hasara nyingine anayoipata bila kuiona. Kenya imetoa picha mpya zenye uzito: Nairobi Half Life mwaka 2012, Supa Modo mwaka 2018. Supa Modo ni ya msichana mgonjwa anayeota kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaamua kumtengenezea picha yake. Ukiifikiria, ni jibu la Mkenya kwa mashujaa wote wa msimu wa kiangazi, nayo ina machozi ya kutosha kujaza jamvi na benchi zote za Mshomoroni. Nilimwuliza Ami kwa nini hajawahi kuionyesha. Akanijibu kwa mshangao wa kweli: "Nani aliniletea?" Za nje humfikia zenyewe, na anayezijaza kwenye flashi humpigia simu. Hakuna anayepiga simu kuhusu picha zetu.

Binti naye nilimpa lake. Upya wa hadithi haukumsamehe upepo. Watu 14 wa Jumamosi ya pili walitoka wakisema "haisikiki", na maneno hayo yalifika Kongowea kabla ya sifa zozote. Dinosaria wakikosea, namba yao inawafunika. Asiye na namba ajifunike maiki yake, hata kwa soksi.

Banda moja na mwezi mmoja si Mombasa nzima, nakubali. DJ mwingine asiye na adabu ya kunyamaza angeiua picha ile.

Limebaki la mwisho. Kwenye picha ya mkoba, mpiga mbizi anazama mara ya tatu na hatoki. Maji yanatulia, feri inapita, mwisho. Binti anaamini huo ndio moyo wa hadithi yake. Jumapili ile, maji yalipotulia, banda lilingoja. Majina ya waliocheza yakaanza kupanda, wakangoja. Kijana mmoja wa mkokoteni akasimama, akasema kwa hasira kabisa, "Stelingi hafi!" Wengine wakadakia. Mmoja akaeleza kitaalamu kwamba pale Likoni mkondo wa maji ukitoka humtupa mtu upande wa pili, kwa hiyo huyu hajafa, katokea ng'ambo na mkoba. Wakabishana juu ya ng'ambo gani hadi Ami akazima taa.

Nje wakamzunguka binti, na swali likawa moja: sehemu ya pili lini? Akanitazama. Nilitazama viazi.

Alipokuwa bado anawaeleza kwamba amekufa, amekufa kweli, hakuna sehemu ya pili, anaandika hadithi nyingine ya bibi mmoja na simu ya mkopo, Ami alikuwa keshashika chaki. Ubaoni, chini ya PICHA YA LIKONI, alikuwa anaandika herufi kubwa, taratibu, akipuliza vumbi: 2. INAKUJA.